Nukta Nyeupe ya Fundi Shemboza

Sogeeni, na mwenye kikohozi akohoe sasa hivi, maana nikishaanza sipendi kukatizwa. Mwishoni nitawauliza swali, na atakayenijibu "sijui" ataniudhi.

Pale Mombo, chini ya milima ya Usambara, palikuwa na gereji ya fundi Shemboza. Kabla hajafariki alimpa mkewe, Bi Mwantumu, ufunguo na neno moja: "Ile pikapu yangu imenishinda miaka miwili. Haipandi mlima. Atakayeifikisha Soni kule juu bila kusimama, mpe ufunguo huu, awe fundi mkuu. Mtu mmoja tu, mke wangu. Gereji ya mabwana wawili haina bwana."

Mhina, ndugu wa marehemu, naye alikuwa akihesabu siku. Arobaini ikipita bila fundi mkuu, alisema, pale anapageuza ghala la saruji. Bi Mwantumu alikuwa amewapikia mafundi chai pale miaka ishirini na sita. Akilifikiria ghala hilo, machozi yalimtoka.

Mafundi walikuwa watatu. Mbelwa alikuwa na sikio: yeye kalala chini ya gari hili, lingine linapita barabarani, atakwambia plagi ya ngapi imechoka. Mdoe alikuwa na ulimi, na sisemi maneno, ingawa hayo nayo hakupungukiwa; alionja kila kinachovuja akajua kimetoka wapi. Zuhena yeye alikuwa na kidole gumba. Akikiweka kwenye tundu la injini, kinamweleza hewa inaingia au inatoka, na kwa nguvu gani. Wallahi, Mungu hakuwanyima kitu watu wale.

Siku ya thelathini na tisa, asubuhi, wakapanda na pikapu, Bi Mwantumu kakaa mbele. Kona ya tatu, mvuke puu! Injini imechemka.

Kabureta ilikwishabadilishwa mara tatu na plagi ndiyo usiseme. Walipoipoza na kuiwasha tena, Mbelwa akafumba macho. "Kanyaga mafuta. Tena." Akatikisa kichwa. "Siyo petroli hii, jamani. Cheche inafika imechelewa, kama mgeni anayekuja sahani zinaoshwa. Shida iko kwenye distributa inayogawa cheche." Miaka miwili watu wanatafuta kwingine! Bi Mwantumu alitamani kumkumbatia.

Wakarudi gereji. Distributa ile ilikuwa na kikopo ubavuni, na mpira mwembamba unaokwenda kwenye injini. Injini ikivuta hewa kupitia mpira ule, kikopo huiwahisha cheche. Mdoe akachomoa mpira upande wa injini, akanyonya, akaziba kwa ulimi. Mpira mzima huung'ang'ania ulimi. Huu ukaachia. Akanyonya kikopo chenyewe, ulimi ukanasa hata akaongea kama mtoto mwenye pipi mdomoni: "Kikopo kithima! Mpira ndio mbovu!" Kweli, chini ya kibanio palikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Nani mwingine angeuona? Akaweka mpira mpya palepale pa ule wa zamani, wakapanda kwa shangwe. Wakafika kona ya tano. Mvuke.

Wakarudi tena gereji, Bi Mwantumu kalishika pindo la khanga lenye ufunguo.

Zuhena akaiacha injini ingurume taratibu, akachomoa mpira, akaweka kidole kwenye tundu lake. Mpira ule ungeweza kuchomekwa sehemu mbili: chini, panaponyonya hata gari likisimama, au juu kwenye kabureta, panaponyonya ukikanyaga mafuta tu. Kidole kikavutwa hata gari likiwa limesimama. "Mpira umechomekwa chini, na kwake ni juu," akasema. "Mzee alitega cheche akiwa ameshauhesabu mvuto wa gari lililosimama. Mlimani mvuto huo unapotea, cheche inabaki nyuma."

Lakini pale chini palikuwa na nukta nyeupe.

Niwaambie habari ya nukta. Shemboza alipomaliza kukaza kitu, alichovya unyoya wa kuku kwenye rangi nyeupe akakitia alama. Chenye nukta hakihamishwi mahali pake. Aliyekihamisha alikunja ovaroli lake akaenda kwao. Ndiyo maana miaka miwili hakuna aliyethubutu kupabadilisha pale.

"Usithubutu," Mbelwa akasema. "Mzee hana hata arobaini, unamkosoa?"

Zuhena akamgeukia mjane. "Mama, mimi nina hakika. Lakini siwezi bila ruhusa yako."

Bi Mwantumu aliona uchungu. Alimpenda mumewe, na nukta ile ndiyo mkono wake uliobaki duniani. Akavuta pumzi. "Shemboza alikuwa fundi, mwanangu. Hakuwa malaika. Ng'oa."

Zuhena akang'oa, akachomeka juu, akaziba tundu la chini. Injini ikakohoa, ikazimika! Mdoe akashika kichwa. Lakini Mbelwa, na hasira zake zote, akaja akailegeza distributa, akawa anaizungusha kidogo kidogo huku Zuhena anawasha, sikio limeelekea injini, mpaka mngurumo ukatulia ukawa mtamu. Hapo ndipo nilipompenda yule bwana.

Wakapanda. Kona ya tatu, ya tano, ya kumi. Soni hiyo! Bi Mwantumu akapiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka, kisha akafungua pindo la khanga akatoa ufunguo.

"Mama," Mbelwa akasema, "bila mimi mngekuwa mnanunua kabureta ya nne. Na nani aliitega upya?"

"Bila mimi," Mdoe akasema, "mpira wenye ufa ungenyonya upepo wa bure, uuchomeke juu, uuchomeke chini."

Zuhena alikuwa anatazama chini. "Mimi nimeng'oa cha mzee," akasema. "Kama hilo ni kosa, mama, usinipe. Kama si kosa, nipe."

Mhina anangoja gereji. Kesho ni arobaini. Na Bi Mwantumu anajua kwamba kati ya hao watatu, wawili watashuka mlima ule na donge moyoni.

Haya, nyinyi mnaotazamana. Sikio lililojua ugonjwa, ulimi uliouona ufa, au kidole kilichothubutu? Na usiniambie "wape wote", marehemu alishasema mtu mmoja. Mama wa watu kasimama juani, kanyoosha mkono wenye ufunguo. Wewe ungeuweka kwenye kiganja cha nani?