Kijua Ndani ya Jani la Kunde

"Hadithi inabisha hodi!"
"Ifungulieni, iingie!"
"Mpo?"
"Tupo!"
"Nikiwatazama nitawaona?"
"Utatuona!"

Haya. Hapo zamani wanyama wa bondeni walikuwa na shule, na shule ilikuwa na chumba cha nyota. Chumba chenyewe kilikuwa kichuguu kilichohamwa na mchwa, mviringo, giza tii ndani. Vimulimuli walipanda juu darini, wakawaka. Ukilala chali ungedhani umelala nje.

Mama Sange alimpeleka mwanawe Kidawa huko. Sange ni mnyama mdogo mwenye pua ndefu ya kuchokonolea majani makavu. Mama huyu alikuwa na haya, hata kuitikia salamu kwake ilikuwa kazi. Akabaki mlangoni, akasikiliza.

Mwalimu Popo alikuwa ananing'inia kichwa chini. Akasema, "Watoto, keshokutwa mwezi utapita mbele ya jua. Jua litapatwa. Msilitazame kwa macho matupu! Jua likichoma jicho, jicho haliumi. Halisemi. Utajua baadaye, na dawa hakuna."

"Sasa tutatazamaje, Mwalimu?" akauliza Kidawa.

"Miwani imeletwa, sanduku zima, kila mtoto na yake. Asiyepata, ashike kitu chenye tundu dogo, ageuze mgongo, atazame mwanga unaoanguka chini. Jua litajichora lenyewe."

Siku ikafika. Watoto wakapanga mstari uwanjani. Mwalimu Mkuu alikuwa Fisi. Wakamkuta amelikalia sanduku.

"Miwani hii ni ya shule," akasema Fisi. "Na shule ni nani?"

Akajijibu mwenyewe:

"Shule ni mimi! Hii-hii-hii! Nyinyi tazameni hivyo hivyo. Vichwa juu! Ripoti inataka watoto walioona. Atakayeinama, nafuta jina lake."

Mama Sange, aliyemsindikiza mwanawe, akajiuliza. Apoteze jina la Kidawa, au apoteze macho ya Kidawa? Mkononi alikuwa na chakula cha mtoto, amekifunga kwenye jani la kunde. Jani lilikuwa limeliwa na viwavi, matundu kila mahali. Asubuhi watoto wa Ngiri walilicheka sana. Akalitazama jani. Akamtazama Fisi. Akakohoa.

"Shikamoo, Mwalimu Mkuu."

"Marahaba. Sema upesi, mama, mwezi umeshaanza kuliuma jua."

"Ndilo nililojia. Mwezi ukiuma, kipande si kinadondoka?"

Fisi akameza mate, gudu! "Kipande cha nini?"

"Mimi sijui, Mwalimu. Wanasema kina mafuta."

"Kinaangukia wapi?"

"Anayekiona ndiye anayekidaka. Ila kwa miwani moja utaona makombo tu. Labda mwenye mbili..."

Fisi akavaa ya kwanza, tap! Akavaa ya pili juu yake, tap!

"Naona kijua, kimeng'atwa pembeni."

"Ongeza, Mwalimu."

Tap! "Naona kwa mbali."

"Ongeza, Mwalimu."

Tap, tap, tap, mpaka sanduku likaisha na uso wa Fisi haukuonekana tena.

"Sioni kitu! Giza tupu!"

"Ndiko kupatwa kwenyewe, Mwalimu. Achama, usije ukakikosa."

Fisi akaachama.

Mama Sange akawageukia watoto. "Geuzeni migongo, wanangu," akanong'ona. Akaliinua jani lake. Pale mchangani kila tundu likaangusha kijua, na kila kijua kilikuwa kimemegwa upande mmoja. Vijua vingi, vidogo, vyote vimeliwa sawasawa! Watoto wakachuchumaa. Kidawa akaweka kiganja chake chini ya jani, kijua kikamkaa mkononi.

"Mama, hakichomi!"

Hata mtoto wa Ngiri akaomba alishike jani kidogo.

Mwezi ukapita. Jua likarudi zima. Hapa ndipo tungepiga makofi tukalala. Lakini haikuishia hapa.

Taya zilimchoka Fisi. "Mama! Kipande kiko wapi?"

Akanusa huku na huku.

"Nani amekila?"

Akaing'oa miwani yote kwa mkupuo mmoja, paa! Akakodoa macho kwenye jua kali, akitafuta mafuta yake. "Inama, Mwalimu!" akasema Mama Sange, lakini sauti yake ilikuwa ndogo, kama siku zote. Fisi akatafuta mpaka akachoka.

Jicho halikuuma. Halikusema. Kesho yake, katikati ya kila alichokitazama kulikuwa na doa jeusi. Pembeni aliona, katikati hakuona. Akaondolewa kazini? Thubutu! Alipewa cheti, maana ripoti yake ilisema watoto wote wameona, na wote walivaa miwani.

Wanafunzi wakaligundua lile doa. Wakubwa wakawahi viti vya pembeni, wadogo wakasukumwa katikati. Kidawa akawa katikati kabisa.

Fisi akaita majina. "Kidawa!"

"Nipo!"

"Hayupo."

"Nipo, Mwalimu!"

"Nasikia sauti. Mwanafunzi simwoni."

Siku ya kwanza, hayupo. Siku ya pili, hayupo. Siku ya thelathini, jina likafutwa.

Mama Sange akajikaza, akaenda ofisini. Akasimama mbele ya meza. "Shikamoo, Mwalimu Mkuu." Fisi akamtazama usoni, moja kwa moja.

"Nani ameacha huu mlango wazi?" akasema.

Siku hizi Kidawa yuko nyumbani, anachuma kunde na mama yake. Macho yake ni mazima. Kutoka shambani anaiona shule yote, mpaka kile kichuguu cha nyota.

Basi, watoto, funzo ni hili: mtiini Mwalimu Mkuu, kwa sababu yeye anawaona nyote. Na mboga yenye matundu itupeni, haina faida.

"Hadithi inaaga!"
"Isindikizeni!"
"Mpo?"
"Tupo!"
"Nasikia sauti."