Katibu Aliyefuta Kioo Kila Asubuhi

Miaka kumi na tisa nimekaa kwenye baraza la ndoa la usharika huu, na nawaambia wazi kuwa nimechoka. Sijachoshwa na ugomvi. Nimechoshwa na neno samahani. Kwa hiyo leo sitahubiri. Nitawasimulia habari za katibu mmoja aliyekuwa na kompyuta mpakato na mke.

Katibu huyo aliitwa Ambwene. Alipoinunua kompyuta, aliikuta na kitambaa chembamba cheupe kilicholazwa kati ya kioo na kibodi. Mkewe Tusekile, mfumaji wa vitambaa, ambaye kwake hata redio ilivaa kitambaa, alimwambia akirudishe kila anapoifunga. Ambwene akacheka, akasema mwanamke huyu akipata nafasi atamvisha kitambaa hata jogoo. Akakifutia viatu, akakitupa.

Kazi yake ilikuwa ya watu. Asubuhi barua, mchana malalamiko ya wazee wa kanisa, na katikati ya hayo andazi mkono mmoja, mwingine ukiandika. Jioni aliifunga kompyuta, akaishindilia kwenye begi pamoja na madaftari ya usharika, akalifunga begi kwa mpira nyuma ya pikipiki. Kesho yake akiifungua, anakuta kioo kina miraba safu kwa safu, kama shavu la mtu aliyelalia mkeka. Ni alama za vitufe. Anafuta. Kesho zipo. Anafuta tena kwa nguvu zaidi, kwa pindo la shati, kwa mate, mwishowe kwa spiriti.

Nyumbani mambo yalikwenda vivyo hivyo. Kutwa nzima Ambwene alikuwa mpole kwa kila mtu, na yote aliyoyameza ofisini aliingia nayo mlangoni, akamshushia Tusekile: chai imepoa, mlango unapiga kelele, mbona unaniangalia hivyo. Asubuhi anaomba samahani, tena kwa dhati, maana hakuwa mtu mbaya. Jioni anarudia. Walipofika mwaka wa sita wa ndoa, Tusekile akateremsha begi lake kutoka juu ya kabati, akapanga nguo, akamwambia kwamba Jumamosi kaka yake atakuja kumchukua. Ambwene akaomba samahani.

"Samahani zako ninazo nyingi, baba Lusajo," Tusekile akajibu. "Sina pa kuweka nyingine."

Ijumaa maandishi kwenye kompyuta hayakusomeka. Ambwene akaipeleka kwa mama Sekela, fundi wa pale stendi, akalalamika kwamba ameuziwa kioo kibovu. Fundi akakigeuzia kioo kwenye mwanga, kisha akapitisha kidole juu ya vitufe, akamwonyesha kinavyong'aa mafuta.

"Katibu," akasema, "kioo unakifuta kila siku. Vitufe umevifuta lini?"

Mama Sekela akaizima kompyuta, akasafisha vitufe kwanza, ndipo akapangusa kioo taratibu kwa kitambaa laini chenye unyevu kidogo. Alama nyingi zikatoka. Chache zikabaki, kwa sababu zilikuwa zimeshakwaruza kioo, na spiriti ilikuwa imezidisha ubaya. Hizo, alisema, hazitoki tena. Akalaza kitambaa chembamba juu ya kibodi, akaifunga, akamkataza kuishindilia.

Jioni ile Ambwene hakuingia ndani moja kwa moja. Alinawa mikono kwenye pipa la nje, akakaa kibarazani na siku yake yote mpaka ikapoa moyoni. Alipoingia, chai ilikuwa ya baridi. Akainywa. Samahani hakuomba. Kesho yake kaka mtu akaja, na Tusekile, begi likiwa tayari mlangoni, akamwomba arudi baada ya mwezi.

Sasa ni mwaka, na Ambwene bado hukaa kibarazani kila jioni kabla ya kuingia. Nguo kadhaa za Tusekile zimerudi kabatini. Nyingine bado zimo begini, na mimi simlaumu.

Ninyi mliokaa wawili wawili humu, sitaki kujua mwaka huu mmeombana samahani mara ngapi. Nauliza tu: jana jioni, kabla hujaingia kwako, ulinawa mikono?