Mize na Doti Isiyokatwa

Paukwa.

— Pakawa.

Kisutu?

— Cha harusi.

Kaniki?

— Ya shamba.

Na maneno?

— Ya kwako, sisi tunajitanda.

Basi jitandeni vizuri. Ngano hii ni ndefu kuliko doti, lakini ni fupi kuliko ulimi wa wifi.

Hapo kale, wakati nguo zilijua kusema na watu walijua kunyamaza, palikuwa na mji. Katika mji huo alikaa mwanamke, jina lake Mize. Mumewe alikuwa mwashi, na wakati huo alikuwa akijenga nchi ya mbali. Mize alikaa na binti yake mdogo, Rukia. Mlango wa pili alikaa wifi yake, Shemsa, dada wa mume.

Mize alipenda nguo. Msidhani namsema, kupenda nguo si kosa. Alikuwa na jicho. Akipita njiani amejitanda, wanawake walimtazama, kisha wakajitazama, kisha wakarudi ndani kubadili.

Kanga mnazijua. Ina pindo, ndio ule ukingo unaoizunguka. Ina mji, ndio katikati yake. Ina jina, ndiyo yale maneno yaliyoandikwa. Nayo huuzwa doti, vipande viwili vikiwa vingali vimeshikana. Unaikata katikati, unaipinda ncha kwa sindano, ndipo unaivaa. Aliyekuwa hajui, sasa anajua.

Mize alikuwa na ila moja. Akishanunua doti, raha yake iliishia hapo. Aliikunja, akaitia kashani, akarudi sokoni. Kasha lilijaa hata Rukia akawa ndiye kufuli lake: alikalia kifuniko, mama akafunga.

Shemsa alimwambia, "Wifi, hilo kasha likizaa, mwana mmoja nigawie."

"Wewe wa nini? Una kanga mbili tu. Moja umeivaa, moja iko kambani."

"Na zote mbili zinanijua."

Wakacheka, yakaisha.

Siku moja akaja mwuzaji mgeni. Alitandika mkeka pembeni mwa soko, akapanga doti zake, akakaa. Hakunadi. Mwuzaji asiyenadi, mwogopeni.

Mize alifika na Rukia kiunoni. Akaona doti ya rangi ya embe bivu. Akauliza, "Bwana, hii bei gani?"

"Sichukui fedha, bibie. Nachukua kitu usichokitumia."

"Kama kitu gani?"

"Una wimbo unaombembelezea huyu mtoto?"

"Ninao."

"Unauimba sasa?"

"Tuko sokoni, bwana. Niimbe wapi?"

"Basi huutumii. Nipe huo."

Mize aliona amekutana na mpumbavu. Akasema, "Chukua." Mwuzaji alifumba kiganja hewani kama anayekamata nzi, akakitia mfukoni, akampa doti.

Mchana Rukia alijilaza mkekani. "Imba, mama."

Mize alifungua kinywa. Ikatoka pumzi.

"Imba."

Ikatoka pumzi.

"Mama, imba."

"Nitaimba kesho," Mize alisema.

Rukia alilala macho wazi, anatazama boriti za dari. Mize akaitazama ile doti ya rangi ya embe. Ilikuwa nzuri. Akaikunja, akaitia kashani.

Nyinyi mngerudi sokoni kudai wimbo. Mize alirudi sokoni kutazama doti nyingine. Macho hayana pazia.

Mara hii, Rukia akiwa kiunoni, aliona doti nyekundu yenye pindo jeusi. Akalisoma jina lake: WANGU WA NDANI, WA NJE WAPITE. Akalisoma tena. Doti nyingine alizipenda kwa jicho. Hii aliipenda hata akasahau kuuliza bei.

Mwuzaji alisema, "Hii ina jina. Jina kwa jina. Huyu mtoto unamwitaje ukimdekeza?"

"Anaitwa Rukia."

"Rukia ni jina alilopewa na baba yake. Nataka lile lako. Unamwita hilo sasa?"

"Sasa simwiti."

"Basi hulitumii."

Mize akamnong'oneza. Kiganja kikafumba, kikaingia mfukoni.

Mkiniuliza lilikuwa jina gani, sijui. Aliyenisimulia hakulijua, na aliyemsimulia yeye hakulijua. Tangu saa ile hata Mize mwenyewe hakulijua.

Doti hiyo hakuitia kashani. Aliikata siku ile ile, akakaa kizingitini, akaipinda kwa mkono wake. Akaivaa uani, akaivaa kisimani, akaivaa kwenda kumjulia hali mgonjwa.

Shemsa alisema, "Leo umekata doti. Kuna msiba au kuna harusi?"

"Hii naipenda, wifi."

"Na zile za kashani?"

Mize akajifunga vizuri, akaenda zake kisimani.

Jioni Rukia alikuja. "Mama, niite."

"Rukia."

"Siyo hivyo. Niite vile."

Mize akalitafuta lile jina kinywani, kama mtu anayetafuta sindano iliyoanguka mkekani: ajua ipo, na anaogopa kuikuta kwa mguu. Hakuliona. "Nitakuita baadaye," alisema.

Mtoto akaenda pembeni, akacheza peke yake, amegeukia ukuta.

Nanyi mnasema, sasa amekoma. Hakukoma. Alirudi mara ya tatu, akakuta doti ya samawati, mji wake umetulia kama maji ya mtungini.

Mwuzaji alisema, "Hii nimeitengeneza kwa ajili ya mji wake. Nipe mji wako, bibie. Pale katikati, mapajani pako, anapokaa mtoto. Sasa umesimama, hupatumii."

Mize alisitasita. Alimtazama mtoto, akaitazama nguo. Akamtazama mtoto, akaitazama nguo. Mara ya tatu akaitazama nguo tu.

Akarudi nyumbani, akaketi. Rukia akaja kumkalia mapajani. Akateleza, kama tone juu ya jani la gimbi. Akapanda tena, akateleza. Akapanda tena, akateleza, akaanguka chini. Hakulia. Alisimama, akajipangusa vumbi, akamtazama mama yake.

"Samahani, mama," alisema.

Alisema hivyo kama mgeni aliyekalia kiti cha mwenyewe. Kisha akatoka, akaenda mlango wa pili.

Mize alibaki na doti ya samawati mkononi. Hakuikunja. Aliiacha ikaanguka.

Baadaye kidogo Shemsa aliingia amembeba Rukia begani. Akamlaza mkekani. "Mwanao amelala kwangu," alisema. "Amelala kwa kuchoka, si kwa usingizi. Kuna nini humu ndani?"

Mize akamweleza yote, hakuficha.

Shemsa alimfunika mtoto. Kisha akauliza, "Nikutanie au nikusaidie?"

"Nisaidie kwanza."

"Haya. Utani nitauweka akiba. Fungua kasha, tukazione hizo nguo zilizomla mwanetu."

Wakafungua kasha. Shemsa akatoa ile ya rangi ya embe. "Hii umeikata?"

"Bado."

Akaiokota ile ya samawati. "Hii?"

"Bado."

Akachimba mpaka chini, akatoa za miaka. "Na hizi?"

"Bado, wifi."

Shemsa akaketi juu ya lundo. "Basi humu hamna nguo. Doti isiyokatwa haijawa ya mtu. Umekuwa boi wa duka bila mshahara, unawatunzia wauzaji vitambaa vyao."

Mize aliinua uso. "Umesema nini?"

"Utani tu. Umenitoka, nisamehe."

"Usamehewe nini. Useme tena huo utani."

Shemsa akausema tena, na mara hii hata yeye mwenyewe akausikia.

Asubuhi wakaenda sokoni wote watatu. Mize alijitanda ile nyekundu, akachukua zile mbili zisizokatwa. Shemsa alichukua mkasi. Rukia alimshika shangazi yake mkono.

Mize alizitua doti mkekani. "Bwana, sijazikata. Haya, chukua zako, nipe vyangu."

Mwuzaji alitabasamu. "Bibie, mkono ukishapokea, biashara imekwisha. Kukata na kutokata ni mambo ya nyumbani kwako."

"Ndiyo sheria yako?"

"Ndiyo sheria yangu."

"Haya," Mize alisema. "Sibishani na mtu dukani kwake. Basi nionyeshe mpya."

Mwuzaji akafungua furushi alilokuwa amelikalia. Akatandaza doti moja. Wanawake waliacha mchicha wao, waliacha dagaa wao, wakasogea. Siwaelezi ilikuwaje, maana mtaniuliza inauzwa wapi.

Moyo wa Mize uliruka. Nawaambia kweli, uliruka, kwa sababu moyo haufundishiki kwa siku moja. Lakini alisikia kiatu cha Rukia kikikwaruza mchanga nyuma yake.

"Kwa hii nataka kicheko cha mtoto," mwuzaji alisema. "Naona hakitumii."

"Naam, hakitumii," Mize alisema. "Niishike kwanza."

Mwuzaji akampa. Mkono wa Mize ukapokea. Na ulipopokea, hakuahidi kitu. Aligeuka, akamtandia Shemsa ile doti mikononi. "Wifi, kata."

Shemsa akafungua mkasi.

Mwuzaji akasimama. Ilikuwa mara ya kwanza watu kumwona amesimama. "Ngoja, mama. Weka mkasi chini."

"Kwa nini?" Mize aliuliza. "Mkono umeshapokea. Biashara imekwisha."

"Hujanipa kitu."

"Nitakupa nikishakata."

Shemsa akaingiza mkasi kwenye ncha ya kitambaa. Akaanza kubana, taratibu, ulimi umemtoka pembeni kama mshonaji.

"Usikate," mwuzaji alisema. "Ikikatwa ni yenu. Isipokatwa ni yangu."

Soko zima lilisikia. Muuza mchicha alisikia, muuza dagaa alisikia, punda wa mtu alisikia.

Mize akauliza, "Umesema nini, bwana?"

Mwuzaji akafumba kinywa, lakini neno likitoka halirudi.

"Amesema isipokatwa ni yake," akajibu muuza dagaa.

"Nami nimesikia hivyo hivyo," akajibu muuza mchicha.

Shemsa akatoa mkasi, akaikunja doti vizuri, akaiweka mkekani. Mize akaweka juu yake ya rangi ya embe. Akaweka juu yake ya samawati. "Zako ni hizo. Haijakatwa hata moja. Vyangu viko wapi?"

Mwuzaji alitia mkono mfukoni, akafumbua kiganja. Kooni mwa Mize pakawa na kitu chenye joto. Akafumbua tena, na mapaja ya Mize yakawa mazito kama ya mtu aliyeketi siku nzima na mtoto.

"Na jina," Mize alisema.

Mwuzaji akainyoshea kidole kanga nyekundu. "Hiyo uliikata mwenyewe. Ukaipinda mwenyewe. Imekukaa mwilini, hata jasho lako imelijua. Hiyo ni yako, na jina ni langu."

Shemsa alitaka kusema. Mize akamshika mkono. Aliutazama mshono wake mwenyewe, akauona ni wake. "Anasema kweli," alisema.

Mwuzaji akakunja mkeka, akaenda zake, na mji ule hakurudi.

Baada ya hapo wifi wawili walifungua kasha lile wakakata na kupinda kwa siku nyingi. Nyingine Mize alivaa, nyingine zilienda kwa waliojifungua, nyingine kwa Shemsa, ambaye sasa alikuwa na kanga tatu zinazomjua na moja aliyokuwa akizoeana nayo. Utani wa akiba ulitoka wote, pamoja na faida. Sokoni Mize aliendelea kwenda. Alishika, alisifu, aliuliza jina. Alinunua alipokuwa na siku ya kuvaa na mkono wa kupinda, na akinunua alipendeza hata mji ukageuka.

Hayo ni ya mbele. Siku ile walirudi nyumbani, Mize akaketi mkekani, akanyosha miguu.

Rukia alisimama mbali. Alikuja, akagusa paja la mama kwa kiganja, kama anayepima joto la uji. Akaondoa. Akagusa tena. Kisha akakaa kwa upande mmoja. Hakuteleza. Akakaa kwa pande zote mbili.

Mize akaimba:

*Lala mwanangu, lala,*
*jua nimelifunika,*
*nimelifunika kwa kawa,*
*litafunuka ukiamka.*

Macho ya mtoto yakawa mazito. Lakini kabla hayajafumba, alisema, "Sasa niite vile."

Mize angeweza kusema baadaye. Hakusema. "Lile limekwenda, mwanangu. Nililitoa mimi."

"Ulilitoa kwa nini?"

"Kwa nguo hii."

Rukia akaivuta ncha ya kanga nyekundu, akaitazama muda mrefu. Akaipitisha shavuni. "Ni nzuri," alisema.

Mize akamwachia ncha ile.

Mtoto akafuata ule ukingo mweusi kwa kidole. "Hii nyeusi inaitwaje?"

"Pindo."

"Inafanya nini?"

"Linaishika nguo pande zote. Kanga bila pindo si kanga, ni kitambaa tu."

Rukia alifikiri. Akajifunika ncha ile mpaka kidevuni, akageuza uso kifuani kwa mama yake.

"Basi niite hilo."

"Nikuite Pindo?"

"Siyo kuuliza. Kuita."

Mize akavuta pumzi. "Pindo."

"Abee, mama."

Na mimi sindano yangu imefika ncha, uzi nimeukata kwa meno. Iliyowakaa, nendeni nayo mjini. Iliyowabana, nirudishieni, sijaikata.