Lete Sampo

Ndugu zangu, someni hii mpaka chini kabla ya kuituma mbele. Mimi niliisoma nikasonya peke yangu jikoni, mke wangu akauliza nani kanitukana. Ukimaliza, mtumie yule fundi wako aliyekuambia "njoo kesho". Usiogope, hatajijua.

Katika mji mmoja mdogo mkoani Singida palikuwa na fundi aitwaye Ntandu. Alikuwa na mashine ya kukereza vyuma, ile ambayo chuma kinazunguka na kisu kinakichonga. Aliirithi kwa mjomba wake. Kampuni iliyoitengeneza ilishakufa zamani, lakini mashine yenyewe ilikuwa hai na ilimlisha.

Mashine hiyo ilikuwa na gia zake za kukatia hesi, ile mifereji inayozunguka skrubu au nati. Ukitaka hesi nyembamba, kama ya nati ya baiskeli, unafunga gia hizi. Ukitaka hesi nene, unafungua hizi na kufunga zile. Hazifanyi kazi moja moja. Zinashikana meno kwa meno, na ikikosekana mojawapo, mashine itazunguka vizuri tu lakini hesi haikatiki. Ntandu alizitundika ukutani, kila gia na msumari wake, na kila moja aliichonga herufi N kwa tindo, ili mwenye mkono mrefu aone aibu.

Juu ya misumari hiyo alitundika kibao: HAPA HATUWEKI VIRAKA.

Kibao hicho mkikumbuke.

Wakati wa mavuno akaja Mama Sungi, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wanaolima alizeti. Skrubu kubwa ya mashine yao ya kukamulia mafuta ilikuwa imekatika. Miaka yote akina mama hao walikuwa wakimuuzia mbegu mlanguzi mmoja mwenye lori, kwa bei anayotaka yeye. Mwaka huo Mama Sungi aliwaambia, "Msiuze. Safari hii tunakamua wenyewe." Wakamsikiliza. Magunia yakajaa nyumbani kwake mpaka watoto wakahamia sebuleni. Skrubu isipopatikana, mzigo wote ungekwenda kwa mlanguzi yule yule, na Mama Sungi angebaki na maneno ya watu.

"Kazi ndogo hiyo, mama," alisema Ntandu. "Nitakuchongea mpya. Njoo kesho."

Alipoanza kukata hesi, gia moja ikavunjika jino. Jino moja tu.

Kesho yake Mama Sungi akaja, akaonyeshwa pengo. Akaliangalia vizuri.

"Si ulijaze kwa shaba, halafu ulichonge kwa tupa? Marehemu mume wangu alijaza jino la mashine ya kusaga hivyo hivyo, na mpaka leo inasaga."

Ntandu akanyoosha kidole kwenye kibao. "Mama, soma pale."

"Nimeshasoma. Ukijaza itachukua muda gani?"

"Jioni moja. Lakini mimi si fundi wa viraka. Nitatafuta gia nyingine, nzima. Njoo kesho."

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo damu yangu inapochemka.

Ntandu alikwenda kwenye duka la vipuri pale stendi. Akaonyesha ile gia mbovu, akasema anataka kama hiyo, nzima. Muuzaji akasema, "Acha sampo." Akaiacha iwe mfano. Muuzaji akaikabidhi kwa kondakta wa basi iende kwa mwenzake Dodoma, na baada ya hapo kimya.

Ntandu akachoka kusubiri. Akapiga simu Arusha, kwa mtu aliyeambiwa ana vitu vya zamani.

"Unazo gia za mashine ya kukereza?"

"Lete sampo."

"Sampo iko kwa mtu."

"Mzee, bila sampo nitajuaje unachotaka? Nikikutumia gia ya pikipiki utanilaumu."

Ntandu akafikiri. Kisha, badala ya kukaa chini akafikiri tena, akashusha gia nyingine ukutani, nzima, isiyo na kosa lolote, akaituma Arusha. Akaeleza: "Ni kama hii, ila yenye meno machache zaidi." Akajibiwa, "Sawa, sampo imefika. Subiri."

Akasikia Kahama kuna mtu anayehudumia mashine za migodini. Kahama wakasema, lete sampo. Akashusha nyingine. Tabora, lete sampo. Akashusha nyingine. Akawa hapiti mtu kutoka mji wowote ila Ntandu amemshikisha gia kwenye mfuko wa rambo. Jamani! Mtu ana njaa, anagawa vijiko vyake ili apate sahani!

Mama Sungi akawa anakuja na kurudi.

"Fundi, vipi?"

"Iko njiani."

"Basi nipe skrubu yangu nipeleke kwa fundi mwingine, hata Dodoma."

"Mama, gia iko njiani na wewe unataka kuondoka? Utanivunjia heshima. Njoo kesho."

Na yeye, kwa uungwana wake, akarudi kusubiri. Huo uungwana nao umenikera, siwafichi. Wakati huo akina mama wa kikundi walishaanza kumpita njiani bila salamu. Panya walishayajua magunia. Yule mlanguzi naye alikuja akaegesha lori lake mbele ya hoteli ya chai, akaagiza chapati, akatulia. Ngoja ngoja huumiza matumbo, lakini la mlanguzi lilikuwa linashiba.

Hatimaye simu ikaita kutoka Dar es Salaam.

"Wewe ndiye fundi wa Singida unayetafuta gia? Nimeipata. Orijino kabisa. Chuma cha Mwingereza, siku hizi hakitengenezwi."

Bei ilikuwa ya kumtoa mtu machozi. Ntandu akauza mbuzi wake, akatuma pesa, na kifurushi kilipofika kwa basi hakukifungua. Alimwita Mama Sungi kwanza, ili aone kwa macho yake.

Mama Sungi alifika akihema. "Fundi, nimewaomba akina mama siku ya leo tu. Nimewapigia magoti. Kesho lori linapakia. Fungua, uanze kazi."

Ntandu akafungua. Gia ilikuwa imepakwa rangi ya kijani na kulowa grisi, inang'aa.

"Tazama, mama. Hii ndiyo tofauti ya fundi na mweka viraka."

Akachukua kitambaa akaifuta. Rangi haikuwa imekauka sawasawa, ikatoka pamoja na grisi. Chini ya rangi, jino moja lilikuwa la njano.

"Fundi," alisema Mama Sungi taratibu, "hilo jino mbona la shaba?"

Lakini Ntandu alishaona jambo jingine. Aliigeuza gia upande wa pili, akafuta. Akafuta tena kwa nguvu zaidi. Palikuwa na herufi N, imechongwa kwa tindo, kwa mkono wake mwenyewe.

Ilikuwa gia yake. Kutoka stendi ilikwenda Dodoma kama sampo, Dodoma wakaipeleka Dar kama sampo, na huko kuna mtu aliyelijaza lile pengo kwa shaba, akalichonga kwa tupa, akapaka rangi, akamuuzia mwenyewe.

 Mama Sungi alikuwa na haki ya kusema mengi, lakini aliyameza, kwa sababu saa zilikuwa zinakwenda.

"Haya, yameisha," alisema. "Gia ni gia. Ifunge. Mchana wote tunao."

Ntandu akaifunga. Ikakaa mahali pake bila kusumbua. Akanyoosha mkono ukutani kuchukua zile za kushikana nayo, mkono ukakamata msumari mtupu. Akajaribu wa pili, mtupu. Akainua macho, akautazama ukuta mzima.

"Ziko wapi nyingine?" aliuliza Mama Sungi.

"Moja iko Arusha," alisema Ntandu. "Moja Kahama. Nyingine Tabora, na nyingine..."

"Zinafanya nini huko?"

"Ni sampo, mama."

 Mama Sungi aliokota vipande viwili vya skrubu yake, akavifunga kwenye kitenge, akatoka. Kesho yake lori likapakia magunia yote, kwa bei aliyotaka mwenye lori. Mwaka uliofuata kikundi kilichagua mwenyekiti mwingine.

Baadaye, Ntandu alitumwa na mkewe kununua mafuta ya kupikia. Dukani akamkuta Mama Sungi ameshika chupa ya mafuta ya alizeti. Ntandu akaona ni nafasi ya kujitetea.

"Mama, yule mtu wa Dar alinitapeli. Hebu fikiria, mtu kuuziwa gia yake mwenyewe!"

"Pole sana, fundi," alisema Mama Sungi. Akainua ile chupa mbele ya uso wake. "Na sisi ndiyo haya, tunauziwa alizeti yetu."

Mngedhani fundi alikwenda nyumbani akakishusha kile kibao. Hakukishusha. Kipo ukutani mpaka leo, juu ya misumari mitupu. Naambiwa bado anapiga simu mji hadi mji kudai gia zake, na kila anakopiga wanamuuliza:

"Ya kwako ilikuwaje, mzee? Lete sampo."

Funzo: Likivunjika jino moja, jaza jino, usiyatawanye mazima uliyonayo ukitafuta kisicho na kiraka, maana anayekusubiri hali sifa zako za ufundi, anakula kazi iliyokwisha.