Ushahidi wa Amiri Dhirar

Wametusimulia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika vilima vya Sham palikuwa na mji mdogo ukiitwa Marjana, na humo alizaliwa amiri wa jeshi aliyeitwa Dhirar bin Mukatil. Alitumikia jeshi la mipakani miaka thelathini. Mvi zilipomjaa aliomba ruhusa akarudi kwao, na wala hakurudi kukaa barazani kupiga soga za vita. Alivua joho la uamiri, akakunja mikono ya kanzu, akawachimbia watu wake birika kubwa la kukingia maji ya mvua. Birika lilipokwisha akajenga daraja, na daraja lilipokwisha akaweka msingi wa chuo cha watoto. Watu wa Marjana wakampenda mapenzi ya kupindukia. Akipita waliinuka, na wanawake waliojifungua wavulana waliwapa jina lake.

Katika mji huohuo aliishi msuka mikeka mmoja asiyetolewa salamu na mtu, naye ni Thabit bin Nufail. Miaka kumi na minane nyuma, Dhirar alipoongoza kikosi cha vijana ishirini na wawili wa Marjana, Thabit ndiye aliyekuwa mwongoza njia. Siku moja walifika kwenye korongo kavu lenye mchanga laini na kivuli kizuri. Thabit akasema, "Amiri, tusipige hema hapa. Mlimani kuna wingu, na maji ya huku hayabishi hodi." Dhirar alikuwa na cheo kipya na hakupenda kufundishwa mbele ya askari wake. Akajibu, "Amiri hapa ni mmoja." Wakalala korongoni, maji yakashuka, vijana wote ishirini na wawili wakaenda nayo. Walisalimika yeye na Thabit tu.

Aibu ni kitu kizito, na Dhirar hakuweza kuibeba. Aliandika barua kwa watu wa Marjana kwamba vijana wao walishambuliwa na adui wakafa mashahidi, na kwamba mwongoza njia alikimbia akawaacha. Barua ikasomwa msikitini. Thabit aliporudi na kueleza yaliyotokea, nani angemsikiliza? Mkono wa amiri umeandika, na yeye huyu hapa mzima, hana hata kovu. Tangu siku hiyo hakualikwa harusini wala hakupelekewa taarifa ya msiba. Binti yake Lubaba alikua, akapevuka, wala hakuja mposaji. Hata kwenye sala, watu wanaojua fika kwamba safu huunganishwa bega kwa bega, walimwachia mwanya kulia na kushoto. Yeye alisali katikati ya mianya yake, akatoa salamu, akarudi kwenye mikeka.

Haya yote Dhirar aliyakuta aliporudi. Je, hakuumia? Aliumia sana, na hilo tusimnyime. Kila alfajiri aliazimia kusema kweli, na kila asubuhi alijiambia, "Nikisema leo watu watazitupa sururu zao, na birika litabaki shimo. Watu wakose maji kwa ajili ya dhambi yangu?" Likaja daraja, likaja na udhuru wake. Ukaja msingi wa chuo, na udhuru ukawapo palepale. Nafsi ya mwanadamu haikosi hoja inapotafuta pa kujificha.

Siku moja akaona afanye alau nusu. Ilipokimiwa sala ya adhuhuri aliacha safu ya mbele, akaenda kusimama kwenye mwanya ubavuni mwa Thabit. Msikiti ukanong'ona. Baada ya sala mtu mmoja akasema kwa sauti, "Tazameni unyenyekevu wa amiri. Anasimama na yule aliyewaacha vijana wake." Wengine wakamwombea dua kwa tabia yake njema. Thabit aliinamisha kichwa mpaka wakatawanyika, kisha akamwambia polepole, "Rudi mbele, amiri. Ulipokuwa mbali nilikuwa mwoga tu. Leo umenifanya mwoga anayehurumiwa."

Dhirar hakurudia tena. Ikapita miezi, Thabit akaugua kifua, na habari zikamfikia amiri kwamba hali ni mbaya. Akaenda nyumbani kwake. Lubaba alimfungulia mlango, akamwonyesha chumba, akabaki kizingitini. Dhirar alipiga magoti mbele ya kitanda, na amiri huyo aliyekabili majeshi akalia machozi. Akasema, "Thabit, nilikudhulumu. Nisamehe kabla hatujakutana mbele ya Mola wetu."

Thabit akasema, "Nimekusamehe tangu mwaka uleule. Nisingeweza kusali na chuki miaka yote hii."

"Alhamdulillahi," akasema Dhirar, akavuta pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo.

"Usihimidi mapema. Ulinisingizia msikitini, unaniomba radhi chumbani. Msamaha wangu unakufaa wewe. Mimi na binti yangu unatufaa nini?"

Dhirar akaapa kwamba Ijumaa atasimama mbele ya watu aseme yote. Siku hiyo ilikuwa Jumanne. Thabit alifariki Alhamisi, kulipokuwa kukipambazuka.

Mazishini walifika watu watano, nao ni kwa sababu maiti hana budi kuzikwa. Dhirar alipoona hivyo alimtuma mpiga mbiu azunguke mji mzima na kusema amiri anawaita. Kwa wito wake wakaja wote, maana yeye walimpenda. Ikasaliwa sala ya maiti. Kisha Imamu Sahal akageuka, kama ilivyo ada ya mji ule, akauliza, "Mnamshuhudiaje ndugu yenu huyu?" Mji mzima ukanyamaza. Lubaba alikuwa amesimama nyuma pamoja na wanawake, anausikia ukimya huo.

Dhirar akasogea mpaka penye jeneza. Akasema, "Nashuhudia kwamba alikuwa mkweli, na mimi ndiye mwongo. Hapakuwa na adui. Vijana wenu walikufa maji, katika korongo alilonikataza nisipige hema, nami nikakataa kwa kiburi. Kisha nikaandika barua."

Ummu Waraka, mwanamke mtu mzima aliyepoteza wanawe wawili katika kikosi kile, akamjia karibu. "Wanangu si mashahidi tena?" akauliza. "Umeninyang'anya na hilo?"

Imamu Sahal akamjibu kwa upole, "Mtume wetu, rehma na amani zimshukie, ametufundisha kwamba aliyekufa maji naye ni shahidi." Kisha akamtazama Dhirar. "Basi uongo wako haukuwapa wale vijana lolote, ewe amiri. Ulijipa mwenyewe."

Ndipo watu wakaligombania jeneza, kila mmoja akitaka kulibeba, waliomnyima salamu wakawa ndio wanaolia zaidi. Alipokwisha kuzikwa, Dhirar akamwendea Lubaba na kumwomba radhi mbele ya wote. Lubaba akasema, "Maneno haya baba aliyangoja miaka kumi na minane. Umeyachelewesha siku mbili. Kukusamehe kwake nilikusikia kwa masikio yangu. Mimi sijaweza, na naomba usiniharakishe."

Inasemekana tangu siku ile hakuna aliyeinuka Dhirar akipita. Chuo alikimaliza peke yake, tofali kwa tofali, miaka sita, wala hakumlaumu mtu. Kila Ijumaa alisimama mlangoni mwa msikiti akiirudia habari ya korongo, asije mgeni akapita na uongo wa ile barua ya zamani. Ama Lubaba, kama alikuja kumsamehe au la, waliotusimulia hawakututajia, nami siwezi kuwaongezea nisichopokea.

Enyi ndugu, toba ya Dhirar ilikubaliwa au haikukubaliwa, hilo analijua Mwenye kuijua mioyo. Sisi tujitazame. Kila mmoja wetu anaye mtu aliyemchafua mbele ya watu, na anangoja kwanza amalize jambo lake la kheri ndipo aende kumsafisha. Twende leo, angali hai, na twende palepale tulipomchafulia.