Kwa Nini Mtoto Akihara Huambiwa Ni Meno

Wekeni ndoo chini, foleni haiendi popote. Niwaambie jambo la zamani ambalo waliolisababisha walipenda sana lisahaulike.

Zamani hizo Mnyoo hakulijua tumbo la mtu. Aliishi kwenye udongo wenye unyevu, yeye na ukoo wake wote, hata wale wadogo wasioonekana kwa macho. Watoto walitambaa, wakaramba udongo, wakanenepa, na hakuna aliyehara mpaka akazikwa.

Ukaja mwaka wa ukame. Watu wetu walichimba mchanga wa korongo mpaka majembe yakawa butu, maji hawakuyaona. Ndipo wazee wakamwendea Mnyoo, kwa kuwa yeye ndiye aliyezijua njia za chini. Mnyoo alikubali kuwatafutia maji, lakini ardhi ilikuwa inamkausha na yeye, akataka nyumba yenye joto na chakula.

"Atakayekunywa kwanza maji ya kisima nitakachowaonyesha," alisema, "tumbo lake liwe langu na la ukoo wangu, pamoja na matumbo ya wote wa rika lake."

Wazee wakatazamana, wakacheka moyoni. Kila mmoja aliona watamtanguliza beberu anywe kwanza. Wakakubali.

Sasa, wanaume wetu mnawajua. La barazani halitoki barazani, basi hakuna mwanamke aliyeambiwa. Na desturi yetu ni kwamba kisima kipya kikitoa maji, funda la kwanza ni la mtoto mdogo kuliko wote kijijini, ili maji yasikauke. Wazee hao wenye akili nyingi walikumbuka kila mila isipokuwa hiyo, kwa sababu ilikuwa ya wanawake.

Maji yalitoka asubuhi. Mbeleje alikuwa karibu, na mwanawe Nyemo, wa miezi saba, ndiye aliyekuwa mdogo kuliko wote kijijini. Akachota kwa kiganja, akamnywesha, akapiga vigelegele. Mzee Chilongani, mkubwa wa baraza, alifika akimburuta beberu, akakuta midomo ya mtoto imeshalowa. Akamgeuza beberu, akarudi alikotoka.

Siku ya tatu Nyemo alianza kuhara. Macho yakadidimia, utosi ukabonyea, ngozi ya tumbo ukiifinya inabaki imesimama. Mbeleje akambeba mpaka kwa Chilongani.

"Babu, mwanangu ana nini? Hata maziwa hayakai."

Mzee alijua. Angesema, maji yangechemshwa na dawa ingetafutwa. Lakini angesema, kijiji kizima kingejua ni nani aliyeyatoa matumbo ya watoto kwa ajili ya kisima. Aibu ilimshinda. Akamfunua mtoto mdomo, akatazama fizi kwa muda mrefu, kama anayejua kazi yake.

"Ni meno tu, mjukuu wangu. Yanataka kuota. Yatapita."

Mbeleje alishukuru, maskini. Akarudi nyumbani, akaendelea kumnywesha maji yale yale kwa upendo wote aliokuwa nao, mpaka siku ya sita alipogundua kwamba amembeba mtoto asiyepumua. Chilongani alikuja msibani, akakaa na wenzake, akala ugali wa matanga. Wiki iliyofuata mtoto mwingine akaanza, na mama yake naye akaambiwa vilevile.

Na tangu siku hiyo Mnyoo na ukoo wake huwaandama wadogo kwanza, maana ndio aliopewa. Na tangu siku hiyo mtoto akihara, sisi wakubwa husema ni meno, na mama hurudi nyumbani ametulia. Mimi nimewazalisha nusu yenu, na neno hilo nimelisema kwenye milango mingi kuliko ninavyotaka kukumbuka. Nililisema hata nyumbani kwangu, kwa mwanangu Mazoya, kisha kwa mdogo wake. Nimewazika wote wawili, na hakuna aliyekuwa ameota hata jino moja.