Waliotia Sahihi Chini Yake

Ndugu zangu, mfano wa leo una kamati ndani yake, kwa hiyo nivumilieni, maana penye kamati mambo huchelewa.

Bwana mmoja alianzisha nyumba ya kulelea mabinti yatima. Getini maua, sebuleni ukuta mzima wa picha: bwana na mbunge, bwana na askofu, bwana na tajiri wa mabasi, wote meno nje. Siku ikafika, ikajulikana kwamba alikuwa akiwanajisi wale mabinti. Akashtakiwa, akafungwa. Picha zikashushwa ukutani siku hiyo hiyo. Sijapata kusikia ofisi iliyofanya kazi kwa kasi vile.

Kisha ikaundwa kamati ya kuifungua nyumba upya Jumatatu inayofuata, chini ya bodi ile ile, ya marafiki wale wale. Wajumbe wakanywa chai, wakapitisha ajenda. Ndipo akasimama dada mmoja aliyelelewa pale.

"Mwenyekiti, hawa marafiki zake mmewahoji?"

"Binti yangu, mwenye kosa yuko gerezani. Hao walikuwa wageni tu. Mgeni atajuaje mambo ya ndani?"

"Mzee, heshima yako iko palepale. Lakini mdogo wangu anarudishwa mle Jumatatu. Naomba hiki kisomwe."

Akaweka mezani kitabu cha wageni. Kilitupwa pamoja na zile picha, mpishi akakiokota. Mnakijua kitabu hicho: tarehe, jina, cheo, maoni, sahihi. Mkubwa hakai kitini kabla hajakisaini.

Katibu akaanza kusoma. "'Mazingira mazuri, hongera.' 'Nimeridhika.' 'Nimeridhika sana.'" Akakisogeza kitabu karibu na macho.

"Soma, katibu, muda unakwenda."

"Mwenyekiti, hapa pana mwandiko wa mtoto. 'Baba anatuita chumbani kwake anafunga mlango. Tusaidieni.'"

Hakuna aliyegusa kikombe.

"Niliandika mimi," dada akasema. "Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Niliona wakubwa wote wanainamia kitabu hiki, nikadhani wanakisoma."

"Na chini yake?" mwenyekiti akauliza, sauti imepungua.

"Chini yake ni mbunge," katibu akajibu. "Kwenye maoni ameandika: 'Kama hapo juu.'"

Mjumbe mmoja akashusha pumzi. "Si mnaona? Hakusoma! Huo ni uzembe, jamani, si jinai."

"Endelea, katibu," dada akasema.

"Anayefuata ni mkuu wa bodi. 'Nimeona. Kitabu hiki kiwekwe mbali na watoto.'"

Ndugu zangu, huyu alisoma. Alielewa. Akatoa maelekezo, na maelekezo yakatekelezwa: kitabu kikafungiwa kabatini, mtoto akabaki na yule bwana miaka minne zaidi.

Mnataka kujua kamati iliamua nini? Iliahirisha kikao. Lakini kabla hawajatawanyika, mwenyekiti alimuuliza yule dada, "Sasa wewe unataka nini hasa?" Akajibu, "Waitwe hapa, mmoja mmoja, kila mtu asome kwa sauti alichoandika, polisi wakisikiliza."

Je, ni ombi kubwa hilo? Mbona linatukosesha usingizi?

Sisi tunapenda mwovu awe mmoja. Akifungwa, tunapiga makofi, tunanawa mikono, tunakwenda kula. Lakini nani alimpa mtu yule barua za kumsifu? Nani alimpigia simu mkuu wa kituo cha polisi, jalada likapotea? Nani aliona, akahamisha kitabu? Watu wa namna hiyo tunao. Tunawapa viti vya mbele humu humu, na mimi mchungaji wenu ndiye ninayewakaribisha, nikitaja na vyeo vyao.

Kwa hiyo leo msiniambie mnawaombea wale mabinti. Waombeeni, ndiyo, kisha nendeni mkaseme mnachokijua, kwa jina la mtu, hata kama ndiye aliyetuezekea kanisa. Na kama jina lenyewe ni langu, anzeni na langu.